Amechoka au Amechokeshwa? Kupima mzigo wa mchezaji, kwa makocha na makapiteni wa Bukavu

Timu nyingi za Bukavu hazina daktari, hazina saa za kupima mapigo ya moyo, na kiwanja chenyewe ni cha kugawana na wengine. Hilo halizuii kupima mzigo wa mazoezi. Vifaa vinavyotakiwa ni kaye (daftari), biki, simu yenye kikokotoo, na kocha anayejua kuuliza swali moja kisha akanyamaza asikilize jibu.

Vijana wengi huangushwa na kazi ambayo hakuna aliyeihesabu. Kocha anaandika saa moja na nusu ya uwanjani. Mwili wa mchezaji umeandika siku nzima: mlima alioupanda kwa miguu, bidoni la maji, pikipiki aliyoiendesha tangu alfajiri, usiku ambao hakulala. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na hesabu na kuishia kwenye moyo na akili ya mchezaji. Bila hesabu, kocha atamwita mvivu kijana aliyekwisha kuishiwa nguvu.

Hatua ya 1: Swali moja baada ya kila mazoezi

Njia hii ilienezwa na mtafiti Mmarekani Carl Foster tangu miaka ya 1990, na klabu kubwa zenye mashine za bei kali bado zinaitumia. Mazoezi yakiisha, ngoja kama dakika 30, kisha muulize kila mchezaji: "Ukiyachukua mazoezi ya leo yote kwa jumla, yalikuwa magumu kiasi gani?" Anajibu kwa namba:

0 – nilipumzika
1 – rahisi mno
2 – rahisi
3 – ya wastani
4 – magumu kidogo
5 – magumu
7 – magumu sana
10 – nimefika mwisho wa nguvu zangu

Namba 6, 8 na 9 hazina maneno yake. Ni za katikati. Zidisha namba aliyotaja kwa dakika alizofanya kazi. Mazoezi ya dakika 75 yenye ugumu 6 ni mzigo wa 450. Mechi ya dakika 90 yenye ugumu 8 ni 720. Aliyeingia dakika ya 70 anahesabiwa dakika 20 zake pamoja na dakika za kupasha mwili moto. Usimwandikie za wenzake.

Kwa nini kungoja nusu saa? Ukimuuliza mtu aliyemaliza mbio za mwisho sasa hivi, atakujibu kuhusu mbio hizo tu, si kuhusu mazoezi yote. Kama vijana wanatawanyika haraka ili giza lisiwakute njiani, wakutumie namba kwa SMS wakifika nyumbani.

Muulize kila mmoja peke yake. Ukiuliza mbele ya kundi, kapiteni akisema 4, wadogo wote watasema 4, hata yule anayetetemeka magoti. Na kabla mazoezi hayajaanza, wewe kocha andika pembeni namba unayoitarajia. Hapo ndipo kaye inapoanza kukufundisha: ulipanga 4, timu nzima imejibu 7. Ama mazoezi uliyapanga vibaya, ama vijana walikuja wamechoka tayari. Sababu zote mbili zinakuhusu.

Hatua ya 2: Hesabu kazi ya nje ya uwanja

Hapa ndipo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Ulaya vinatuacha njiani. Mchezaji anayekaa Nguba, kando ya ziwa, akipanda kwa miguu hadi Stade de la Concorde kule Kadutu, amefanya mazoezi kabla ya mazoezi. Bidoni la lita 20 likijaa ni kilo 20 za maji; binti anayelipandisha mara tatu kila asubuhi ana kipindi chake cha nguvu ambacho hakuna kocha aliyempangia.

Tumia kipimo kilekile. Safari za maji za dakika 40 zenye ugumu 5 ni 200. Kupanda mlima dakika 35 kwa ugumu 4 ni 140. Anayebeba mizigo sokoni Kadutu saa tatu kwa ugumu 5 ana 900, zaidi ya mechi nzima! Motari aliyekaa kwenye pikipiki siku nzima anaweza kusema 2 tu, lakini dakika ni nyingi, na mgongo na shingo vinakaza.

Usisahau mechi za pembeni: timu ya shule, timu ya parokia, mashindano ya kartiye wakati wa likizo ya Julai na Agosti. Mchezaji hodari ndiye anayeombwa na wote, na kila kocha anadhani yeye ndiye wa pekee. Anzisha sheria moja: mechi yoyote inaingia kwenye kaye, na hakuna adhabu kwa aliyeisema. Siku utakapomwadhibu mmoja kwa kucheza kwingine, kuanzia hapo utaandikiwa uongo.

Kazi ya nyumbani huwezi kuifuta. Unachoweza ni kupunguza chako. Mwenye 900 za sokoni Jumanne hapaswi kukimbia mbio za kasi Jumanne jioni. Afanye kazi ya mpira kwa dakika 30, aende.

Hatua ya 3: Tazama jumla ya wiki, halafu tazama mpangilio wake

Jumla peke yake inadanganya. Chukua wachezaji wawili ambao kila mmoja ana 2,230 kwa wiki.

Wa kwanza: Jumatatu 0, Jumanne 450, Jumatano 600, Alhamisi 300, Ijumaa 160, Jumamosi 720, Jumapili 0.

Wa pili: Jumatatu 330, Jumanne 350, Jumatano 360, Alhamisi 340, Ijumaa 300, Jumamosi 400, Jumapili 150.

Wastani wao wa siku ni sawa, kama 319. Lakini wa kwanza ana siku nzito na siku nyepesi; wa pili kila siku anachoka kiasi kilekile na hapati siku ya kujijenga. Foster alipendekeza kupima hali hiyo kwa kugawanya wastani wa siku kwa namba inayoonyesha jinsi siku zinavyoachana. Namba hiyo inapatikana hivi: kwa kila siku, toa wastani, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha zote saba, gawanya kwa 7, tafuta kipeuo cha pili. Kwa mchezaji wa kwanza utapata kama 263, na 319 ukigawanya kwa 263 ni 1.2. Kwa wa pili ni kama 74, na jibu ni 4.3. Likipita 2, wiki hiyo inafanana mno kupita kiasi. Ukizidisha jibu hilo kwa jumla ya wiki unaona uzito wanaousikia kweli: wa kwanza karibu 2,700, wa pili karibu 9,600.

Asiyetaka hesabu ya vipeuo ashike kanuni hii ya mkono: kila wiki iwe na angalau siku mbili zilizo chini ya nusu ya wastani, na moja kati ya hizo iwe ya mapumziko ya kweli. Siku nzito mbili mfululizo zinakubalika. Tatu mfululizo, hapana.

Kuhusu kupandisha mzigo, utasikia watu wakiapa kwa asilimia 10 kwa wiki. Hiyo ni kanuni ya busara tu. Hakuna mstari mwilini unaokatika kwa asilimia 11. Inayofaa zaidi ni kulinganisha wiki hii na wastani wa wiki nne zilizopita. Ikiwa imezidi kwa theluthi au zaidi, ujue umeingia mahali pa hatari na uwe na sababu nzuri ya kuwa hapo. Baada ya wiki tatu za kupanda, wiki ya nne punguza jumla kwa asilimia 30 hadi 40: kata dakika, acha kasi kidogo ibaki.

Nyakati mbili zinaumiza kuliko nyingine. Ya kwanza ni kurudi baada ya kusimama, iwe kwa ugonjwa, mitihani au mji kutokuwa na usalama. Kocha anataka kufidia mwezi kwa wiki moja, na misuli ya nyuma ya paja inalipa. Ya pili ni mchezaji mgeni aliyetoka chini. Uvira, kando ya Tanganyika, iko karibu mita 800 juu ya bahari. Bukavu iko karibu mita 1,500 na ni milima mitupu. Mpe wiki moja hadi mbili za mbio fupi kabla ya kumhukumu kwamba hana pumzi.

Hatua ya 4: Maswali manne ya asubuhi

Kila asubuhi, au angalau siku tatu kwa wiki, mchezaji ajipe namba kutoka 1 (safi kabisa) hadi 7 (mbaya kabisa) kwa mambo manne: usingizi wa jana, uchovu, mawazo au msongo, na maumivu ya misuli. Jumla ni kati ya 4 na 28.

Usilinganishe mchezaji na mchezaji. Kuna wanaojipa 16 maisha yao yote na wanafunga mabao. Mlinganishe na yeye mwenyewe: kusanya wiki mbili za kawaida, pata wastani wake, kisha angalia anapopanda pointi nne au tano na kubaki hapo siku tatu. Na tazama ni swali gani limepanda. Maumivu ya misuli yakipanda peke yake baada ya mechi, ni kawaida, yataisha kwa siku mbili au tatu. Usingizi na msongo vikipanda huku misuli haina neno, tatizo haliko uwanjani, na kupunguza mazoezi peke yake hakutalitatua.

Mapigo ya moyo yanasaidia pia. Ahesabu akiwa bado amelala, kabla hajainuka wala kushika simu, kwa dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Ukikosea pigo moja umekosea manne. Asubuhi kumi zinatosha kujua kawaida yake. Yakiongezeka mapigo 5 au zaidi kwa siku kadhaa, kuna jambo: homa inakuja, maji hayatoshi, hakulala, au mzigo umezidi. Lakini usiamini kinyume chake. Mtu aliyechokeshwa kwa miezi anaweza kuwa na mapigo ya kawaida kabisa.

Usingizi una maadui wake hapa kwetu, na vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10. Mkesha wa maombi wa Ijumaa kabla ya mechi ya Jumamosi ni usiku uliopotea. Na timu inayowakesha wachezaji kwa mambo ya mganga ili ishinde imepoteza usiku uleule. Ubishi wa imani tuuache, saa za usingizi zinahesabika kwa wote sawa. Zungumza na mchungaji au mzazi mapema: kijana aende kwenye maombi ya jioni, alale, arudi Jumapili.

Hatua ya 5: Kabla ya kusema "mzigo umezidi", ondoa magonjwa

Uchovu unaotokana na mazoezi kupita kiasi hauna kipimo cha damu. Unatambuliwa baada ya kuondoa vingine, na kwetu vingine hivyo ni vingi. Fuata mpangilio huu.

Homa kwanza. Mwenye homa hafanyi mazoezi, hata mepesi. Virusi vinavyoleta homa vinaweza kushika msuli wa moyo. Apimwe malaria kwa kipimo cha haraka kwenye kituo cha afya, asinunue dawa kwa kubahatisha. Baada ya malaria, mazoezi ya kweli yanangoja hadi homa iishe, dawa zimalizike na hamu ya chakula irudi.

Halafu damu. Kwa mwanamume, hemoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita, na kwa mwanamke asiye na mimba chini ya gramu 12, ni upungufu wa damu. Malaria inayorudiarudia, minyoo, hedhi nzito na chakula kisicho na madini ya chuma vyote vinachangia. Vidonge vya chuma vipewe baada ya kipimo, kwa sababu chuma ikizidi mwilini ni sumu. Kwenye sahani, maharagi na lengalenga vinaingia vizuri vikiliwa na limau au pera, na vibaya vikifuatwa na chai papo hapo. Chai ingoje saa moja.

Kisha chakula chenyewe. Mchezaji anayekula mara moja kwa siku na kufanya mazoezi mara tano kwa wiki hakosi nidhamu, anakosa nguvu za kuendesha mwili. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa imelieleza tatizo hili tangu 2014: mwili usiopata nguvu za kutosha unaanza kuzima kazi zake, mifupa inalegea, kinga inashuka, hasira zinakuwa karibu. Kwa wasichana dalili iliyo wazi ni hedhi kukosekana miezi mitatu mfululizo. Kwanza apimwe kama ana mimba, halafu aende kwa daktari. Kocha mwanamume asiulize hilo mwenyewe. Timu ya wasichana iwe na mama au dada anayeaminika wa kuuliza, na majibu yabaki kwake.

Baada ya mazoezi mazito, mchezaji wa kilo 60 anahitaji kama gramu 60 za wanga mapema: ndizi mbivu mbili kubwa na kikombe cha chai yenye sukari zinakaribia hapo. Halafu mlo wenye gramu 20 hadi 25 za protini. Sambaza (dagaa) kavu za gramu 40 hivi zinatosha, na bei yake haifikii ya nyama. Klabu ikiwa na franga chache, zitumike kwa ndizi na sambaza kabla ya jezi mpya. Hilo tunalisema tukijua jezi zinavyopendwa.

Mwisho, dawa. Wachezaji wengi humeza ibuprofeni kabla ya mechi ili wasisikie maumivu. Ukichanganya na kukosa maji, figo zinaumia, na jeraha linaendelea kimyakimya. Tramadoli ni mbaya zaidi: inazoesha mwili, inalevya, na tangu tarehe 1 Januari 2024 imepigwa marufuku na shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kuongeza nguvu wakati wa mashindano.

Hatua ya 6: Kupunguza mzigo

Mchezaji ambaye hana ugonjwa lakini amepungua kasi, analala vibaya na namba zake za asubuhi zimepanda, mpe siku tatu bila mazoezi yoyote. Halafu wiki nzima ya nusu ya dakika zake za kawaida, ugumu usipite 3, bila mbio za kasi wala kupanda mlima kwa adhabu. Wengi hurudi ndani ya siku hizo, tena wakiwa na nguvu kuliko mwanzo. Hao walikuwa wamechoka tu, na mwili umejijenga.

Wiki mbili zikipita na bado ni mzito, ameingia katika uchovu wa aina nyingine, unaochukua wiki kadhaa hadi miezi. Apelekwe kwa daktari. Kinachokosewa hapa ni kilekile kila mahali: mchezaji akipunguza kasi, kocha anamwongezea mazoezi "ili arudishe fomu". Anazama zaidi, na kocha anaongeza tena.

Na mbio za adhabu ziachwe moja kwa moja. Kijana aliyechelewa kwa sababu alikuwa akichota maji, akaongezewa mizunguko kumi, amepata mzigo mara mbili kwa kosa lisilo lake. Tena umemfundisha kwamba kukimbia ni adhabu.

Hatua ya 7: Kutofautisha mwili uliochoka na moyo uliochoka

Kuna mchezaji ambaye mzigo wake kwenye kaye ni mdogo, anakula, analala, na bado amekwisha. Mwaka 1997 mtafiti Thomas Raedeke alieleza hali hii kwa wanamichezo kwa mambo matatu, na ni rahisi kuyasikia katika maneno ya vijana wenyewe. La kwanza ni kuishiwa nguvu za mwili na hisia: "Nimechoka kabla sijaanza." La pili ni kuona hafanikiwi: "Hata nikifanya nini, sisongi mbele." La tatu ni kuudharau mchezo aliokuwa akiupenda: "Mpira wenyewe una faida gani?" Hilo la tatu ndilo lisikilize kwa makini. Aliyechoka mwili bado anataka kucheza na anakasirika kwamba hawezi. Aliyechoka moyo hajali tena kama atapangwa au hatapangwa.

Sababu zake ni nadra kupatikana kwenye ratiba ya mazoezi. Tafuta hapa: pesa za usajili au nauli zilizoahidiwa na hazikuja, wakala aliyemwambia atampeleka Kinshasa au nje ya nchi, kisha simu haipokelewi, wazazi wanaosema mpira unamharibia masomo huku wajomba wanangoja awalishe, kutukanwa mbele ya wenzake kila mechi, kurudi kutoka kwenye jeraha na kukuta nafasi ina mwenyewe. Na jambo la ndani zaidi: kijana ambaye mtaani hana jina lingine isipokuwa "yule wa mpira", akikaa benchi anajiona si mtu.

Kuna pia hofu ya mji. Tangu vita ilipofika Bukavu Februari 2025, mchezaji anaweza kukaa kitandani saa nane na kupata usingizi wa saa nne. Ndoto mbaya, kushtuka kwa kishindo kidogo, kukwepa njia fulani: mambo hayo yakidumu zaidi ya mwezi yanahitaji mtaalamu. Uwanjani unaweza kusaidia kwa vitu vidogo. Saa za mazoezi zisibadilikebadilike, vijana warudi nyumbani kwa makundi kabla ya giza, na usimshtue mtu kwa filimbi ya nyuma ya sikio.

Jinsi ya kuzungumza naye

Usimwite ofisini, atadhani anafukuzwa. Tembeeni pamoja mkishuka baada ya mazoezi, bega kwa bega, bila kutazamana usoni. Anza na ulichokiona, usianze na ulichokihukumu: "Mdogo wangu, wiki hizi mbili nakuona unacheza kimya. Usingizi ukoje?" Halafu ngoja. Ukimya wa nusu dakika unachosha kocha kuliko mchezaji, lakini ndio unaofungua mdomo. Akisema "Yaya (kaka), niko sawa tu," usibishane. Mwambie: "Sawa. Nitakuuliza tena Alhamisi." Na Alhamisi umuulize kweli.

Maneno ya kuepuka: jikaze, wenzako wana shida kuliko wewe, omba tu, itaisha. Maombi ni yake na Mungu wake, usiyazuie, ila usiyatumie kufunga mazungumzo. Yanayofaa ni mafupi: nimesikia, inachosha kweli, tufanye nini wiki hii?

Akikubali kuongea zaidi, muulize maswali mawili yanayotumika kwenye vituo vya afya duniani kote. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia mwenye huzuni au umekata tamaa? Kila jibu lina namba: hapana kabisa 0, siku kadhaa 1, zaidi ya nusu ya siku hizo 2, karibu kila siku 3. Jumla ikifika 3, aonwe na muuguzi au daktari. Wewe hujampatia jina la ugonjwa. Umejua tu kwamba jambo limepita uwezo wako.

Bukavu ina kituo cha SOSAME kinachoshughulikia afya ya akili, na mlango wa karibu zaidi ni kituo cha afya cha eneo lake, kinachoweza kumwandikia rufaa. Watu husema anayekwenda huko ni kichaa. Mweleze kijana kwamba Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, alijitoa katika fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, kwa sababu akili na mwili wake havikuwa pamoja hewani, jambo ambalo kwa mrukaji linaweza kuvunja shingo. Miaka mitatu baadaye, Paris, alichukua dhahabu tatu.

Akitaja kutaka kufa, au ukihisi hivyo, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kidogo, ondoeni karibu naye vidonge na dawa za kuua wadudu, mwite ndugu anayemwamini, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Ukiahidi kutunza siri, jambo hili haliingii kwenye ahadi hiyo; mwambie hivyo mapema.

Hatua ya 8: Kumrudisha

Anayerudi kutoka uchovu mrefu, wa mwili au wa moyo, aanze na vipindi vitatu kwa wiki vya dakika 30, ugumu usiozidi 3, na viwili kati yake viwe vya mpira wenyewe, michezo midogo ya wanne kwa wanne, bila kuhesabu mabao. Wiki ya pili dakika 45, ugumu 4. Wiki ya tatu anaingia na timu, anaachwa nje ya mbio za kasi. Wiki ya nne anafanya yote kwa theluthi mbili ya dakika. Mechi ya kwanza dakika 20 za mwisho, na matokeo yakiwa tayari wazi kama inawezekana.

Namba zake za asubuhi zikipanda siku tatu mfululizo, rudi wiki moja nyuma, si mwanzo kabisa. Mweleze sheria hiyo kabla hajaanza, ili siku ya kurudi nyuma asifikiri ameshindwa.

Kwa aliyechoka moyo, ongeza jambo moja: kila wiki achague mwenyewe kipindi kimoja, afanye anachotaka au asije. Wengi watakuja. Na kama baada ya wiki hizo anasema anataka kuacha kwa mwaka mmoja amalize masomo yake, mpeane mkono, nakili kurasa zake kutoka kwenye kaye na umpe. Akirudi, awe kwako au kwa kocha mwingine, kurasa hizo zitaonyesha mzigo uliomfaa na ule uliomwangusha.